Nani Alifungua Faili Hili?

Zahanati nyingi za watu binafsi hapa Temeke, Dar es Salaam, kuanzia Mtoni Mtongani hadi Mbagala Rangi Tatu, siku hizi zina kompyuta. Mgonjwa akifika mapokezi anaandikwa jina, umri, mtaa, namba ya simu na namba ya kadi ya bima kama anayo. Akitoka hapo anapita kwa daktari, maabara na dirisha la dawa, na kila anakopita kuna kitu kinaingizwa kwenye mfumo. Lakini chungulia nyuma ya kaunta. Mara nyingi mfumo wote unafunguliwa kwa jina moja la mtumiaji, "mapokezi", na paswedi yake imeandikwa kwa maka peni kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukingoni mwa skrini. Anaitumia karani, anaitumia nesi, anaitumia mtu wa maabara, anaitumia mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, na jioni anaitumia kijana wa mwenye zahanati anayekuja kupiga hesabu za siku.

Ikitokea majibu ya mgonjwa yamezagaa mtaani, mfumo utasema faili lilifunguliwa na "mapokezi". Mapokezi ni nani? Ni watu watano au sita. Hapo kesi inaamuliwa kwa hisia, na hisia humwangukia mnyonge: binti aliyeajiriwa mwezi uliopita, asiye na ndugu hapo ndani, asiyejua kujitetea. Anafukuzwa, mwenye kosa anabaki, na siri ya mgonjwa wa pili inaanza safari.

Ndiyo maana nawasihi wenye zahanati, famasi, shule, SACCOS na ofisi za mikopo waache kuliona jambo hili kama anasa ya mabenki na makampuni ya simu. Kumpa kila mfanyakazi jina lake la kuingilia, kumfungulia sehemu anayoihitaji tu, na kuweka kumbukumbu ya kila alichofungua, kunamlinda kwanza mfanyakazi mwaminifu. Kumnasa mkosaji kunakuja baadaye.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inamwita anayekusanya taarifa za watu mkusanyaji, na anayezishughulikia kwa niaba yake mchakataji, na wote wawili wanatakiwa kujisajili kwa Tume. Taarifa za afya, za watoto, za miamala ya fedha ya mtu, pamoja na alama za vidole, zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo zahanati yenye vyumba vitatu pale Tandika inashika taarifa nyeti kama inavyozishika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na shule ya awali ya Kijichi haina tofauti. Mtu akitoa taarifa binafsi kinyume cha sheria, faini yake inaanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni, faini inaanzia shilingi milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5. Kwa majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, wajibu wa kutunza siri ulikuwepo hata kabla ya hapo, tangu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008.

Wengi wakisikia usalama wa taarifa, mawazo yanakimbilia kwa mdukuzi aliyekaa ughaibuni. Hatari iliyo karibu zaidi inakaa ndani ya ofisi. Novemba 2024 serikali ya Uganda ilikiri bungeni kwamba akaunti zake katika Benki Kuu ya nchi hiyo zimeingiliwa, na watu wakaanza kuzungumzia wadukuzi wa kimataifa. Februari 2025, waliopandishwa kizimbani kwa tuhuma hizo walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha. Mahakama ndiyo itakayoamua hatia yao. Mwenye ofisi ndogo, hata hivyo, ana la kujifunza tangu sasa: aanze kwa kuangalia nani ana ruhusa ya kugusa malipo yake.

Kuna hospitali mbili za Ulaya ambazo kila mwenye zahanati angepaswa kuzijua. Ya kwanza ipo Barreiro, Ureno. Mwaka 2018 ilitozwa faini ya euro 400,000 baada ya kubainika kwamba mfumo wake ulikuwa na akaunti 985 zenye ruhusa za daktari, ilhali madaktari walioajiriwa walikuwa 296. Ya pili ni hospitali ya Haga, mjini The Hague, Uholanzi. Alilazwa hapo mtu maarufu, na makumi ya wafanyakazi wasiohusika na matibabu yake wakafungua faili lake kwa udadisi tu. Mwaka 2019 hospitali ikatozwa euro 460,000, ambazo baadaye mahakama ilizipunguza hadi 350,000. Kinachonigusa katika kisa cha Haga ni kwamba mfumo ulikuwa unaandika kila kitu: nani kafungua, lini, faili lipi. Kosa mojawapo lilikuwa kwamba kumbukumbu hizo hazikusomwa mara kwa mara. Kumbukumbu zikikaa bila kusomwa hazimzuii mtu yeyote.

Sasa tufanye kazi. Chukua daftari, andika majina ya watu wote wanaogusa kompyuta yako, wakiwemo wanaofanya hivyo "mara moja moja". Mbele ya kila jina andika kile anachohitaji kukiona ili kazi yake iende. Karani wa mapokezi anahitaji jina, simu, bima na malipo. Majibu ya maabara hayamhusu. Mtu wa dawa anahitaji kuona daktari kaandika dawa gani, kipimo gani, na kama mgonjwa ana mzio. Historia ya mimba zilizoharibika haimsaidii kuhesabu vidonge. Mhasibu anahitaji fedha. Ukimaliza, linganisha orodha hiyo na hali halisi ya mfumo wako. Wengi watagundua kwamba kila mtu anaona kila kitu, kwa sababu ndivyo fundi alivyouacha siku ya kwanza.

Lakini usibane hadi ukahatarisha maisha ya watu. Usiku wa manane analetwa mama mwenye kifafa cha mimba, na daktari wa zamu siye aliyekuwa akimhudumia kliniki. Lazima aweze kufungua faili lake papo hapo. Mfumo mzuri una njia ya dharura: unamruhusu, unamtaka aandike sababu kwa maneno machache, na asubuhi mkuu wa kituo anapitia sababu hiyo. Kama mfumo wako hauna njia hiyo, weka daftari la dharura mezani, litiwe saini.

Kuhusu paswedi nitasema machache, maana yameshasemwa sana. Iwe ndefu, iwe ya mtu mmoja, na kompyuta ijifunge yenyewe mtu akiondoka mezani kwa dakika tano. Siungi mkono ofisi zinazolazimisha kuibadilisha kila mwezi; watu wakichoshwa huandika kwenye kikaratasi, na tunarudi pale pale. Ibadilishwe inapohisiwa imejulikana.

La kutilia mkazo zaidi ni mfanyakazi anapoondoka. Dar es Salaam watu hubadilisha kazi kila leo. Anapoaga tunakumbuka funguo, sare na kitambulisho, tunasahau akaunti. Ifungwe siku hiyo hiyo, kabla ya soda ya kuagana. Na uangalie kitu ambacho wengi hawakifikirii: barua pepe ya ofisi ilisajiliwa kwa namba ya simu ya nani? Ofisi nyingi zilifunguliwa barua pepe na karani wa kwanza kwa laini yake mwenyewe. Karani huyo ameondoka miaka mitatu iliyopita, na bado anaweza kubadilisha paswedi ya ofisi akiwa amekaa kwake Chamazi, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu yake. Hamisha namba hiyo wiki hii. Kisha mtoe kwenye kundi la WhatsApp la kazi.

Halafu kuna fundi, yule kijana wa kompyuta aliyekufungia mfumo. Anaingia akiwa mbali, kwa programu ya kuendesha kompyuta kutoka nje, na ndiye mwenye paswedi ya msimamizi mkuu, wakati mwingine peke yake. Sisemi ni mtu mbaya. Wengi wao wanaokoa ofisi zetu kila siku, tena kwa ujira mdogo. Lakini kisheria mtu wa namna hiyo anashughulikia taarifa za wateja wako kwa niaba yako, hivyo muwe na mkataba wa maandishi unaosema atagusa nini, lini, na atafanya nini na nakala alizochukua. Aingie kwa akaunti yenye jina lake, na iwe inafunguliwa anapoitwa na kufungwa amalizapo. Kabla ya kununua mfumo mpya, muulize anayekuuzia kama kila mtumiaji anaweza kuwa na jina lake. Muulize pia kama mfumo unaandika mtu anapolitazama faili au unaandika pale tu anapobadilisha kitu. Mifumo mingi ya bei rahisi haiandiki anayetazama, na kwenye siri za wagonjwa kutazama ndiko kunakoumiza. Na je, msimamizi mkuu anaweza kufuta kumbukumbu zinazomhusu yeye mwenyewe? Akijibu kwamba anaweza, omba nakala ya kumbukumbu hizo ihifadhiwe mahali asipopafikia.

Kabla hujazisoma kumbukumbu, hakikisha saa. Kompyuta kuukuu za mezani zina betri ndogo ya duara kwenye ubao wa ndani, inayoshikilia tarehe umeme unapokatika. Betri ikifa, umeme ukirudi kompyuta inaamini ni Januari ya miaka mingi iliyopita, na kila kinachofunguliwa siku hiyo kinaandikwa kwa tarehe ya uongo. Betri hiyo ni ya bei ndogo, ibadilishwe. Tatizo la pili ni la hila zaidi. Mifumo inayokaa kwenye seva za nje mara nyingi huandika saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mwenye kituo anaona faili limefunguliwa 05:10. Anasoma saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, damu inamchemka: karani alikuwa anatafuta nini ofisini kabla ya jua kuchomoza? Kumbe kwa saa za Dar es Salaam ilikuwa 08:10, saa mbili na dakika kumi asubuhi, foleni ya wagonjwa imeshafika barazani. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa hesabu hiyo peke yake. Andika kwa herufi kubwa, mahali unapozisomea kumbukumbu, zinatumia saa za wapi.

Sasa zisome. Tenga nusu saa kila Ijumaa, na asizisome mtu mmoja peke yake. Mkuu wa kituo akae na mtu wa pili. Huhitaji kupitia mistari yote. Tafuta mafaili yaliyofunguliwa siku ambayo mgonjwa hakuja. Tafuta mafaili ya wafanyakazi wenyewe, ya majirani wa zahanati, ya mtu anayejulikana mtaani: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mchungaji, ustaadhi, mchezaji wa mpira. Hayo ndiyo yanayovuta macho. Angalia kama kuna mtu aliyechapisha au kunakili orodha ndefu kwenda kwenye flashi, na kama akaunti ya aliyeacha kazi imejaribu kuingia. Mwisho chagua mafaili kumi bila mpangilio, mfuate kila aliyeyafungua, umuulize yalimhusu nini.

Muulize kwa adabu, maana mstari wa kumbukumbu hauelezi nia ya mtu. Tuseme umeandikwa hivi: Jumanne, 20:52, akaunti ya mtu wa maabara, faili la mgonjwa limefunguliwa kwa dakika 6, hakuna kipimo kilichoingizwa. Usiku, hakuna kazi iliyofanyika, inaonekana vibaya. Lakini huenda mgonjwa alipiga simu kuulizia majibu yake. Huenda daktari alimwomba ahakiki namba ya sampuli. Mwite faragha, umwoneshe mstari, umpe nafasi ya kueleza, uandike alichojibu. Ukimsimamisha mbele ya wenzake na kumfokea, kuanzia siku hiyo watu wataacha kutumia majina yao na watarudi kuazimana paswedi, na utakuwa umeua kitu kizima.

Anayefuatilia naye ana mipaka yake. Taarifa za mfanyakazi nazo ni taarifa binafsi, na sheria inamlinda yeye kama inavyomlinda mgonjwa. Mwambie kwa maandishi, kwa Kiswahili anachokielewa, kwamba matumizi ya mfumo yanaandikwa, yanasomwa na nani, na yanatunzwa kwa muda gani. Atie saini, abaki na nakala. Ujumbe wake wa WhatsApp kwenye simu yake mwenyewe haukuhusu. Kamera inaweza kukaa kwenye kaunta na kwenye stoo ya dawa. Chumba cha kubadilishia nguo na chumba cha daktari, hapana. Na programu ya siri inayonasa kila herufi anayoibonyeza mfanyakazi itanasa pia paswedi ya akaunti yake ya benki. Bosi anayeiweka anajitafutia kesi.

Nimekaa sana kwenye zahanati kwa sababu ndiko siri zilikojaa, lakini mambo ni yale yale kwingine. Mwenye kibanda cha uwakala wa fedha pale Zakhem anamwachia kijana wake simu ya uwakala na namba ya siri, na zamu ya jioni anamwachia mwingine. Floti ikipungua, nani alaumiwe? Kama mtandao wako unaruhusu wasaidizi wawe na namba zao za siri, waombee. Kama hauruhusu, zamu ikabidhiwe kwa daftari: salio la floti, taslimu iliyopo, saa, saini mbili. Na namba ya siri ibadilishwe kila kijana anapoondoka.

Kwenye mikopo hali inatia uchungu. Wanaokopesha mtaani, hasa ile mikopo watu wanayoiita kausha damu, hukusanya nakala za vitambulisho vya NIDA, picha, namba za wadhamini, hata kadi za benki pamoja na namba zake za siri. Mkopaji akichelewa, picha yake inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na ndugu zake wanapigiwa simu za matusi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya wamekwenda mbali zaidi: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kuwasumbua watu. Siku hizo hizo aliitoza shule ya Roma, Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Walimu wakuu wa Temeke mnaorusha picha za watoto wa chekechea kwenye mitandao kila Ijumaa, someni habari hiyo mara mbili.

Kama bado unatumia karatasi, kanuni ni hizo hizo. Daftari la wagonjwa lisilale wazi kwenye kaunta ambapo anayefuata foleni anasoma jina la aliyemtangulia. Mafaili yawe kabatini, funguo kwa watu wawili wanaojulikana, na anayetoa faili asaini. Karatasi za zamani zichomwe au zikatwekatwe mbele ya shahidi, zisiuzwe kwa kilo zikaishia kufungia karanga.

Jiandae pia kwa anayekuja kuuliza. Mume anataka kujua mkewe alipimwa nini. Mama mkwe anauliza. Mtu aliye kwenye shauri la talaka anatafuta cheti cha kukipeleka kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, ambacho kiko hapa hapa Temeke. Anakuja mtu aliyevaa vizuri anasema ametumwa kutoka ofisi fulani. Jibu liwe moja kwa wote, na karani alijue kwa moyo: "Shikamoo mzee, karibu ukae. Taarifa hizi ni za mgonjwa mwenyewe, sina ruhusa ya kuzitoa. Kama kuna barua rasmi au amri ya mahakama, nitamwita mkuu wa kituo aipokee." Kila ombi liandikwe: nani kaomba, kwa karatasi gani, kapewa nini. Karani anayejua kwamba mkuu wake atasimama naye hatatishika kwa kofia wala kitambulisho.

Na siku siri ikivuja pamoja na jitihada zote hizi, usifute kitu. Kufuta ushahidi ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Funga akaunti inayohusika, nakili kumbukumbu za siku hizo, andika ulichokijua na saa uliyokijua, kisha uijulishe Tume bila kuchelewa. Halafu mtafute mgonjwa mwenyewe kabla hajaambiwa na mtaa. Usimtumie ujumbe wa maandishi, simu yake huenda inashikwa na mtu mwingine nyumbani. Mpigie, hakikisha ni yeye anayeongea, muulize kama yuko mahali anapoweza kuzungumza. Mweleze kilichotoka, kilitokaje na kimefika wapi kwa kadiri unavyojua, mwombe radhi, mwambie ana haki ya kupeleka malalamiko kwa Tume, na umuulize ni nani nyumbani au kazini kwake anayemhofia kuliko wote, ili mjue pamoja pa kuanzia.